Kubisha Hodi Pasipo Mwenyeji: Kurasa za Hitilafu katika Programu za Tovuti na Lugha Yake

1. Utangulizi

Makala haya yana makusudi mawili. Kwanza, yanakusudia kueleza namna ukurasa wa hitilafu unavyosanidiwa katika programu ya tovuti, yaani jinsi mwenye tovuti anavyoweza kuiamuru seva itoe ukurasa alioutunga yeye mwenyewe, badala ya ule mkavu uliokuja pamoja na programu. Pili, yanakusudia kuonyesha kwamba kazi hiyo, ijapokuwa aghalabu huachiwa mafundi wa kompyuta peke yao, kwa kiasi kikubwa ni kazi ya lugha, na kwamba idara za lugha hazina budi kuishiriki.

Huenda msomaji akauliza: jambo dogo kama hili lina haja gani ya kuchukua nafasi katika jarida la lugha? Nitajibu kwa kisa. Miaka michache iliyopita, kijana mmoja aliyekuwa ameomba nafasi ya masomo katika chuo fulani alipewa anwani ya kutazamia matokeo ya maombi yake. Alikwenda saiba mjini, akalipa, akaifungua anwani ile. Ukurasa uliotokea ulikuwa mweupe. Ulikuwa na nambari 404 na sentensi moja ya Kiingereza yenye maana ya kwamba kilichoombwa hakikupatikana katika seva hiyo. Kijana alifahamu kwamba kilichoombwa ni nafasi yake, na kwamba haikupatikana. Akarudi kwao. Kumbe jina lake lilikuwamo katika orodha. Faili ya matokeo ndiyo iliyokuwa imehamishwa siku mbili kabla, na anwani ya zamani ikabaki mikononi mwa watu. Alipokuja kuambiwa ukweli, siku za kujiandikisha zilikuwa zimekwisha pita, naye akangoja mwaka mzima.

Nilikuwa miongoni mwa walioketi kuisikiliza rufani yake. Mmoja wetu alisema kwamba kosa ni la kijana, kwa kuwa hakukielewa Kiingereza. Sikukubaliana naye wakati ule, wala sikubaliani naye leo. Kijana alikielewa Kiingereza barabara. Alichokosa ni ukurasa wa kumweleza ni kitu gani hasa ambacho hakikupatikana, na afanye nini baada ya hapo. Ukurasa huo ungaliandikwa kwa muda wa nusu saa.

2. Nambari za hali na wasomaji wake wawili

Ili kuufahamu ukurasa wa hitilafu, yafaa kwanza tufahamu mazungumzo yanayotangulia kuonekana kwake. Mtu anapofungua anwani, kivinjari chake hupeleka ombi kwa seva. Tunaweza kulifananisha ombi hilo na mgeni anayebisha hodi. Seva haina budi kuitika, na itikio lake lina sehemu tatu: nambari ya hali yenye tarakimu tatu, vichwa vya taarifa, na matini yenyewe ambayo mtu huiona.

Itifaki inayotawala mazungumzo hayo ni HTTP, iliyoanzishwa na Tim Berners-Lee alipokuwa akifanya kazi katika kituo cha CERN karibu na mji wa Geneva. Desturi ya kujibu kwa tarakimu tatu haikuanza nayo. Ilikuwamo tayari katika kanuni za kupeleka barua pepe za mwaka 1982 na zile za kuhamisha faili za mwaka 1985. Toleo la HTTP/1.0 liliandikwa katika waraka uitwao RFC 1945 wa mwaka 1996, na maelezo yanayofuatwa leo yamo katika RFC 9110 wa mwaka 2022. (Ipo ngano isemayo kwamba 404 ilikuwa nambari ya chumba fulani huko CERN. Robert Cailliau, aliyefanya kazi na Berners-Lee, ameikanusha. Wanaisimu tutaitambua mara moja kuwa ni ndugu wa etimolojia za mitaani.)

Tarakimu ya kwanza hutaja jamii ya jibu. Zianzazo kwa 2 humaanisha kwamba ombi limefanikiwa. Zianzazo kwa 3 humwelekeza mgeni mahali pengine. Zianzazo kwa 4 humaanisha kwamba ombi lenyewe lina kasoro, angalau kwa maoni ya seva. Na zianzazo kwa 5 humaanisha kwamba seva ndiyo iliyoshindwa. Katika shughuli za kila siku za tovuti, zifuatazo ndizo zinazohitaji kurasa maalumu:

(a) 401: mgeni hajatoa kitambulisho kinachokubalika.
(b) 403: seva imelifahamu ombi lakini inakataa kulitimiza.
(c) 404: seva haikukipata kilichoombwa, au haitaki kufichua kwamba kipo.
(d) 410: kilichoombwa kilikuwapo, kimeondolewa, na yaelekea hakitarudi.
(e) 500: jambo lisilotazamiwa limeizuia seva kutimiza ombi.
(f) 502 na 504: seva ya mbele haikupata jibu sahihi, au haikupata jibu kwa wakati, kutoka kwa seva iliyo nyuma yake.
(g) 503: huduma imesimama kwa muda kwa sababu ya msongamano au matengenezo.

Sasa twafika penye jambo la msingi. Itikio la seva lina wasomaji wawili. Nambari husomwa na mashine: kivinjari, mashine za utafutaji, na programu nyinginezo. Maneno husomwa na mtu. Waraka wa RFC 9110 wenyewe wasema kwamba virai vya Kiingereza vinavyoandamana na nambari ni mapendekezo tu. Vinaweza kubadilishwa kwa maneno ya mahali husika, au kuachwa kabisa, bila ya kuidhuru itifaki. Zaidi ya hayo, tangu toleo la HTTP/2 la mwaka 2015, virai hivyo havipelekwi tena. Nambari husafiri peke yake. Waraka huohuo unapendekeza kwamba jibu la jamii ya 4 au ya 5 liandamane na maelezo ya hali iliyotokea, pamoja na kueleza kama hali hiyo ni ya muda au ni ya kudumu. Kwa hiyo anayedai kwamba maneno ya Kiingereza yaliyozoeleka ni sehemu ya sayansi isiyoguswa, anadai jambo ambalo kanuni zenyewe hazilidai.

3. Namna ya kusanidi

Ukurasa wa hitilafu unaweza kuwekwa katika ngazi mbili: katika seva ya tovuti, au katika programu inayoendeshwa nyuma yake. Nitachukua mifano mitatu inayotumika sana.

3.1 Apache

Seva ya Apache, iliyoanza mwaka 1995, hutumia amri moja iitwayo ErrorDocument. Amri hii hufuatwa na nambari ya hali, kisha njia ya faili:

ErrorDocument 404 /hitilafu/404.html
ErrorDocument 500 /hitilafu/500.html

Mistari hii huandikwa katika faili kuu ya usanidi, au katika faili ya .htaccess iliyomo ndani ya saraka ya tovuti, mradi msimamizi wa seva ameiruhusu kwa AllowOverride FileInfo. Tanbihi moja ni ya lazima hapa. Njia ianze kwa mkwaju, kama ilivyo hapo juu. Mtu akiandika anwani kamili inayoanza kwa https, Apache humwelekeza mgeni kwenye anwani hiyo, na nambari ya hitilafu hupotea njiani. Kwa 401 jambo hili lina madhara zaidi, kwa sababu kivinjari hakitajua kwamba kinapaswa kumwomba mtu neno la siri.

3.2 Nginx

Seva ya nginx, iliyoandikwa na Igor Sysoev na kutolewa kwa umma mwaka 2004, hutumia amri ya error_page, na yaweza kukusanya nambari kadhaa katika mstari mmoja:

error_page 404 /hitilafu/404.html;
error_page 500 502 503 504 /hitilafu/50x.html;
location /hitilafu/ {
    root /var/www/chuo;
    internal;
}

Neno internal humaanisha kwamba kurasa hizo hutolewa na seva yenyewe tu inapokutana na hitilafu. Mgeni hawezi kuziomba moja kwa moja. Aghalabu nginx hukaa mbele, na nyuma yake ikawapo programu inayotengeneza kurasa. Katika hali hiyo, programu ikirudisha 404 au 500, nginx hulipitisha jibu hilo jinsi lilivyo. Ikiwa twataka ukurasa wetu uchukue nafasi yake, hatuna budi kuongeza mstari wa proxy_intercept_errors on. Kwa Apache iliyo katika hali kama hiyo, amri inayolingana ni ProxyErrorOverride On. Wengi huandika kurasa zao vizuri kisha wakashangaa kwa nini hazionekani; mara nyingi sababu ni kuukosa mstari huu mmoja.

3.3 Programu yenyewe: mfano wa Django

Kwa mfano wa tatu nimeichagua Django, ambayo ilizaliwa katika ofisi za gazeti katika mji wa Lawrence, jimbo la Kansas, Marekani, na ikatolewa kwa umma mwaka 2005. Hapa kazi ni kuandika violezo vinne, yaani 400.html, 403.html, 404.html na 500.html, na kuviweka katika saraka kuu ya violezo. Programu huvitafuta kwa majina hayo bila ya kuambiwa. Anayetaka kufanya zaidi ya hayo huweza kutaja shughuli yake mwenyewe kwa jina la handler404 au handler500 katika faili kuu ya anwani.

Violezo hivyo, isipokuwa 403.html, havionekani mpaka DEBUG iwe False, na ALLOWED_HOSTS iwe imejazwa majina ya tovuti. DEBUG ikiwa True, mgeni huonyeshwa ukurasa wa fundi: mistari ya programu, njia za faili, na orodha ya anwani zilizojaribiwa. Ukurasa huo ni rafiki mkubwa wa mtengenezaji, lakini kuuacha wazi mbele ya umma ni sawa na kumpokea mgeni sebuleni kisha ukamkabidhi funguo za ghala.

Kiolezo cha 500.html kinahitaji uangalifu wa pekee. Django hukitoa kikiwa hakina data yoyote ndani yake, ili hitilafu moja isije ikazaa nyingine. Nasi yafaa tuige busara hiyo katika kila seva: ukurasa wa 500 usitegemee hazinadata, wala kiolezo kingine, wala picha inayotoka mahali pengine. Nyumba inapowaka moto, taarifa ya moto isiwekwe ndani ya nyumba hiyohiyo.

4. Nambari isidanganye

Yako makosa mawili yanayofanywa na watu wenye nia njema. La kwanza ni kutoa ukurasa wa kuomba radhi pamoja na nambari 200. Mtu anaona kwamba ukurasa haukupatikana, lakini mashine inaambiwa kwamba mambo ni shwari. Matokeo yake ni kwamba mashine za utafutaji huendelea kuitunza anwani iliyokufa, na programu inayokagua afya ya tovuti haipigi kelele. Nginx humruhusu mtu kufanya hivyo kwa kuandika =200 katika amri ya error_page; Apache huishia kwenye hali iyo hiyo kwa njia ya anwani kamili niliyoieleza. La pili ni kumpeleka kila mgeni aliyepotea kwenye ukurasa wa mwanzo, kimyakimya. Mgeni wa namna hiyo hajui kama amefika, wala hajui kwamba amepotea.

Kwa upande mwingine, 503 ni nambari inayosema kweli na kuongeza hisani juu yake, kwa kuwa inaweza kuandamana na kichwa cha Retry-After kinachotaja muda wa kusubiri. Na ukurasa uliohamishwa, kama ule wa kijana wetu, haukustahili hata kufika kwenye 404. Ulistahili kuwekewa 301, ambayo humwelekeza mgeni kwenye anwani mpya moja kwa moja. Ukurasa mzuri wa hitilafu hauwi kisingizio cha kutoelekeza watu.

5. Lugha ya ukurasa

Hapa ndipo ilipo kazi yetu. Nitajadili mambo manne ya sarufi na msamiati ambayo, kwa maoni yangu, ndiyo yanayoamua kama ukurasa utaeleweka.

5.1 Kosa na hitilafu

Tafsiri iliyo karibu na mikono ya wengi ni “kosa”. Lakini kosa lina mkosaji. Mswahili akisoma “Kosa 404” hujiuliza: nani kakosa? Tena kitenzi “kukosa” kina maana mbili, ya kufanya jambo lisilo sawa na ya kutopata, hata “umekosa ukurasa” ikawa na utata. “Hitilafu”, ambayo asili yake ya Kiarabu ni tofauti au kutopatana, hutaja kwamba mambo hayakwenda yalivyotazamiwa, bila ya kumnyooshea mtu kidole. Napendekeza “hitilafu” itumike kwa jamii ya 5, ambako kweli kuna kitu kilichoharibika. Kwa jamii ya 4 afadhali tusitumie nomino yoyote ya lawama. Tueleze tu hali ilivyo.

5.2 Upatanisho wa kisarufi

Turudi kwenye kisa chetu. Katika sentensi ya Kiingereza aliyoisoma kijana, kitenzi hakikuonyesha kwa umbo lake ni nomino gani inayokitawala. Kiswahili hakikubali hali hiyo. Kilichokosekana kikiwa ni jina, twasema “halikupatikana”. Kikiwa ni ukurasa, “haukupatikana”. Zikiwa ni nafasi au nambari, “hazikupatikana”. Sentensi “Ukurasa huu haukupatikana” ingemzuia kijana kudhani kwamba jina lake ndilo lililotafutwa. Ngeli zingemwokoa.

Hata hivyo, tafsiri ya haraka inaweza kuiharibu hazina hii. Nimekwisha kuona kurasa zenye neno moja tu, “Haipatikani”. Kiambishi i- chaweza kurejelea anwani, faili, nafasi, nambari ya usajili au huduma. Yaani mfasiri, kwa kutotaja nomino, ameurudisha utata uleule ambao lugha yenyewe ilikuwa tayari kuuondoa. Kanuni basi ni hii: nomino itajwe, na kitenzi kipatane nayo.

5.3 Mahali na njeo

Je, tuseme “haupo” au “haukupatikana”? Maana ya 404, kama tulivyoona, si kwamba kitu hakipo. Ni kwamba seva haikukipata au haitaki kukifichua. “Haupo” yadai zaidi ya inavyojua seva. “Haukupatikana kwa anwani hii” yasema kiasi kinachojulikana. Kwa 410, ambayo ni dai la uhakika zaidi, “umeondolewa” inafaa, maana kauli ya kutendwa hutufahamisha kwamba yupo aliyeuondoa kwa makusudi.

Njeo nayo ina uzito wake. Kwa 401, “hukujitambulisha” ni shutuma ya jambo lililokwisha pita. “Hujajitambulisha” huacha mlango wazi, kwa sababu -ja- hubeba tumaini kwamba tendo lingali linatazamiwa. Vivyo hivyo kwa 503: “huduma haijarejea” ni ahadi, “huduma haipo” ni mlango uliofungwa.

5.4 Nani anayesema?

Kiambishi cha nafsi katika Kiswahili hakimwachii mwandishi pa kujificha. Kwa 500, anaweza kusema “ombi lako limeshindikana”, ambapo hakuna mtendaji. Au “umeshindwa kukamilisha ombi”, ambayo ni dhuluma. Au “tumeshindwa kukamilisha ombi lako”, ambayo ndiyo kweli. Nambari inayoanza kwa 5 ni ungamo la seva, na lugha ya ukurasa ilifuate ungamo hilo. Kwa 403, “umekatazwa” humfanya mgeni ajione mshukiwa. “Akaunti yako haina ruhusa ya kufungua ukurasa huu” hutaja sababu na kumwonyesha penye kusahihishwa.

6. Matini mbili za mfano

Kwa kufuata hoja hizo, naweka hapa matini mbili ambazo mwenye tovuti ya chuo anaweza kuzitumia au kuzirekebisha. Ya kwanza ni ya 404:

“Ukurasa huu haukupatikana. Anwani uliyoifuata haikutufikisha kwenye ukurasa wowote. Huenda ukurasa umehamishwa, au herufi moja ya anwani imeandikwa visivyo. Jambo hili halihusu jina lako, maombi yako wala matokeo yako. Tafadhali rudi kwenye ukurasa wa mwanzo, au tafuta unachokihitaji katika kisanduku kilicho hapa chini. Ukikosa msaada, piga simu au uandikie ofisi ya usajili ukiitaja anwani uliyoifungua.”

Ya pili ni ya 500:

“Samahani. Hitilafu imetokea upande wetu na tumeshindwa kukamilisha ombi lako. Wewe hukukosea. Mafundi wetu wana kumbukumbu ya tukio hili. Tafadhali jaribu tena baada ya muda mfupi. Ikiwa ulikuwa ukilipa karo, usilipe mara ya pili kabla ya kuhakikisha na ofisi ya fedha kwamba malipo ya kwanza hayakupokelewa.”

Sentensi ya mwisho si pambo. Mtu anayeona ukurasa mweupe katikati ya malipo hulipa tena, na kurudishiwa fedha ni safari ndefu. Na sentensi ya kumbukumbu za mafundi isiandikwe ikiwa si kweli: lazima seva iwe na batli, neno tulilolipokea kwa mabaharia, yaani daftari ambamo kila tukio huandikwa pamoja na saa yake.

7. Kuchagua lugha na kupima

Kivinjari hupeleka kichwa kiitwacho Accept-Language kinachotaja lugha anazozitaka mtu; Kiswahili hutajwa kwa alama ya sw. Apache huja na kurasa za hitilafu za lugha nyingi, na katika faili yake ya usanidi wa kurasa hizo, orodha ya kipaumbele inataja Kiingereza, Kicheki, Kijerumani, Kihispania, Kifaransa, Kiitalia, Kijapani, Kikorea, Kiholanzi, Kipolandi, Kireno cha Brazil, Kiromania, Kiswidi na Kituruki. Kiswahili hakimo. Django, kwa upande wake, inaitaja sw miongoni mwa lugha zake.

Hata hivyo, nashauri tusiutegemee mno uteuzi huo wa moja kwa moja. Simu nyingi hapa nchini zimeachwa katika Kiingereza kama zilivyotoka dukani, na kichwa cha lugha hueleza mpangilio wa simu, si chaguo la mwenye simu. Njia iliyo salama ni kuandika lugha zote mbili katika ukurasa mmoja, Kiswahili juu na Kiingereza chini, kila sehemu ikiwekewa alama yake, lang="sw" na lang="en", ili programu zinazowasomea wasioona zitamke ipasavyo. Katiba ya mwaka 2010, katika ibara ya 7, imevifanya Kiswahili na Kiingereza kuwa lugha rasmi za Kenya. Ukurasa wa taasisi ya umma unaofuata mpango huo haufanyi ila linalotazamiwa.

Kupima ni rahisi. Fungua anwani isiyokuwapo, utazame. Kisha uiulize seva nambari yake kwa amri ya curl -I pamoja na anwani hiyo: mstari wa kwanza wa jibu lazima uonyeshe 404, si 200 wala 302. Baada ya hapo, mpe ukurasa mtu asiyehusika na kazi hiyo, umwulize maswali mawili tu: ni nini ambacho hakikupatikana? Utafanya nini sasa? Akisita katika kujibu, matini irudiwe.

8. Hitimisho

Nilipokuwa nikisomea shahada ya uzamili ng'ambo, siku moja fahirisi ya maktaba iliharibika nikiwa katikati ya kutafuta kitabu. Ukurasa uliotokea uliniambia, kwa lugha mbili, kwamba hitilafu ni yao, kwamba vitabu nilivyokwisha agiza viko salama, na kwamba mhudumu yuko ghorofa ya chini mpaka saa mbili za usiku. Nilishuka, nikahudumiwa. Wakati ule sikuona kwamba kuna mtu aliyeketi akazitunga sentensi zile tatu. Niliona hilo baadaye, nilipokuwa nikimsikiliza kijana aliyepoteza mwaka.

Mafundi wetu hawakatai kusaidiwa. Nilipompelekea mmoja wao matini saba za Kiswahili, alizipachika siku iyo hiyo, kwa mistari isiyozidi kumi. Alisema kwamba mistari hiyo angaliiandika zamani. Alichokosa ni maneno ya kuweka ndani yake. Maneno hayo tunayo sisi. Yafaa kila idara ya Kiswahili iwe na kurasa zake saba zilizokwisha andikwa na kupimwa, tayari kupewa yeyote anayefungua tovuti, ili anayebisha hodi pasipo mwenyeji aambiwe angalau mwenyeji yuko wapi, na lini atarudi.